Mtoeni Kobe Kwenye Beseni

Kobe mdogo akilegea gamba, dawa ya kwanza haiko dukani. Inachomoza kila siku upande wa bahari mwendo wa saa kumi na mbili asubuhi, na haitozwi hata senti. Mtwapa tuna jua la kutosha sisi na majirani zetu, na bado wapo kobe wachanga wanaokufa humu majumbani kwa kukosa jua. Tumechoka kusikia visingizio.

Hivi majuzi tuliingia ploti moja upande wa Majengo. Chini ya ngazi palikuwa na beseni la buluu, lile la kufulia. Ndani yake mlikuwa na kobe asiyejaza kiganja cha mtu mzima, bonge la ugali lililokauka, jani la sukumawiki lililonyauka, na maji yaliyochanganyika na kinyesi chake mwenyewe. Alikuwa amejibana ukingoni, akiparura plastiki kwa ukucha mmoja, polepole, kisha anaacha. Binti wa darasa la nne, mwenye kobe wake, alitwambia, "Anti, zamani alikuwa anatembea. Siku hizi analala tu."

Tulimshika. Alikuwa amekaa pale karibu mwaka mzima, umri ambao gamba linatakiwa kuwa gumu. Lake lilibonyea chini ya kidole kama ganda la chungwa lililolala siku tatu, na kingo zake zilikuwa zimeanza kukunjika kwenda juu. Aliokotwa na vijana waliokuwa wakifyeka kiwanja cha kujenga, wakampa mtoto amchezee. Hakuna aliyemtakia mabaya. Baba wa binti alikuwa na sababu zake za kumweka chini ya ngazi: nje kuna kunguru, kuna mbwa, kuna wezi, na jua la hapa litamwivisha.

Tutazifikia sababu hizo. Kwanza jua lenyewe, maana ndilo mzizi wa yote.

Kobe hana joto lake mwenyewe kama sisi. Analiokota nje, kwenye mchanga, kwenye jiwe, juani, na asipolipata hata chakula kilichomo tumboni hakisagiki. Zaidi ya joto, jua lina miale tusiyoiona kwa macho, ambayo ikigusa ngozi yake humwezesha kutengeneza vitamini D. Bila vitamini hiyo, kalsiamu anayokula hupita tu. Mwili ukikosa kalsiamu huenda kuichota kwenye mifupa, na gamba la kobe ni mfupa, limeshikana na uti wake wa mgongo na mbavu zake. Basi gamba linalegea, taya linalegea, miguu inashindwa kubeba mwili. Mtoto anasema kobe amekuwa mpole. Hajawa mpole, anaumwa.

Na dirisha halisaidii kitu. Kioo hupitisha mwanga na joto, lakini ile miale inayohitajika huizuia. Anayemweka kobe ndani ya chombo cha kioo, au kwenye sakafu ya sebule pale jua linapopenya dirishani, amempa mwanga tu. Ulaya na Marekani wafugaji hununua taa maalumu za kutoa miale hiyo, na huzibadilisha kila baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa nguvu yake huisha hata kama taa ingali inawaka. Wao wana baridi ya kuwatesa. Sisi tulio karibu digrii nne kusini mwa ikweta tuna nini?

Sasa hofu za baba yule. Kunguru ni kweli kabisa. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu, waliotoka Bara Hindi na kututawalia pwani nzima, hudonoa chochote kidogo kinachosogea. Lakini dawa ya kunguru ni waya wa kuku. Chukueni mawe ya kujengea, haya yanayochimbwa hapahapa Kilifi. Vipande vyake vimelala nje ya kila nyumba inayojengwa, na mwenye nyumba atashukuru mkimpunguzia. Pangeni mstatili wa hatua tatu kwa mbili, kimo cha goti, juu ya udongo wenye nyasi, si juu ya sakafu ya saruji. Kuta ziwe za mawe au mbao zisizoonyesha ng'ambo. Msizungushe waya pembeni, kwa sababu kobe akiona nje huamini anaweza kupita; atasukuma kichwa na kukwaruza pua kutwa nzima akitafuta tundu. Asipoona ng'ambo, hutulia akala.

Juu wekeni fremu ya mbao iliyotandazwa waya wa kuku, nzito kiasi kwamba paka hawezi kuisogeza. Upande mmoja wa boma uwe jua tupu, upande wa pili kivuli: kuti moja, au kigae kilichovunjika kilichoinamishwa kama pango. Kobe ataota jua akitaka, atajificha akitosheka. Huhitaji kumpangia saa. Anayeogopa kwamba jua litamwivisha kobe amesema nusu ya kweli, kwa sababu jua huua kobe asiye na pa kukimbilia. Beseni lililosahauliwa uani saa saba mchana linageuka sufuria. Boma lenye kivuli halina hatari hiyo.

Ondoeni mawe madogo yanayoweza kumpindua. Kobe mchanga akilala chali juani na hakuna wa kumgeuza, hafiki jioni. Usiku kuna panya na siafu, na mwizi naye hufanya kazi usiku. Mwingizeni ndani kwenye sanduku la mbao lenye nyasi kavu, asubuhi mumrudishe nje. Masika ikianza, pembe moja ya boma iinuliwe ibaki kavu. Kazi yote hiyo ni ya Jumamosi moja, na fundi hahitajiki. Kama mwenye ploti hawapi hata hatua tatu za udongo, basi kobe si mnyama wa kufugwa hapo, hata mkimpenda vipi.

Chakula nacho kimejaa makosa ya huruma. Watu humpa kobe wanachokula wao: ugali, wali, mkate uliochovywa chai, kipande cha samaki. Kobe wetu huyu wa manjano mwenye mabaka meusi ni mla nyasi. Tumbo lake limeumbwa kwa makapi makavu ya porini yanayosagika taratibu, na wanga na nyama humwumiza figo na kumvuruga tumbo. Matunda matamu pia yanachacha ndani yake. Embe si zawadi kwake. Mpeni ukoka, ule unaoota bila kupandwa. Mpeni mchunga, ambao Wagiriama huuita mtsunga na kuupika, majani ya kunde, matembele kidogo, ua na majani ya hibiskasi, bapa la mpungate lililoondolewa miiba. Mchicha si sumu, ila usiwe wa kila siku, kwa kuwa una kitu kinachoizuia kalsiamu isitumike. Majani yasitoke kandokando ya shamba lililopigwa dawa, wala ukingoni mwa barabara kuu ya Malindi ambako moshi na vumbi la malori hulala juu ya kila jani.

Kuhusu kalsiamu, wakazi wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali. Ule mfupa mweupe wa dome, mwepesi kama mkate mkavu, unaoletwa na maji ufukweni, ndio huohuo unaouzwa kwenye maduka ya ndege na wanyama huko ng'ambo. Okoteni mmoja, uoshwe chumvi, uchemshwe, ukauke juani, kisha uwekwe ndani ya boma. Kobe atauguguna akiuhitaji. Mkitaka, kwaruzeni unga wake kidogo juu ya majani.

Maji yawe kwenye kisahani kifupi ambacho kobe anaingia na kutoka bila kusaidiwa. Aliye mchanga aogeshwe mara kadhaa kwa wiki katika maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu chake, robo saa hivi, na asiachwe peke yake. Hapo hunywa, hujisaidia, na gamba linakua likiwa sawasawa juu badala ya kuota vilima vilima.

Lipo jambo moja tunaloliandika kwa hasira. Bado kuna watu wanaotoboa gamba la kobe kwa msumari au mashine ya fundi, wakapitisha kamba na kumfunga kwenye mti ili asipotee. Gamba ni mfupa ulio hai. Lina damu, lina mishipa ya fahamu, na kobe anahisi maumivu yote ijapokuwa hana sauti ya kulia. Tundu lile huoza. Rangi ya mafuta inayopakwa mgongoni ili apendeze nayo inafunika sehemu inayohitaji jua. Ukimwona jirani ameshika msumari, mzuie palepale, na usione haya.

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomshika kobe, na asibusiwe wala asioshewe kwenye sinki la vyombo. Kobe akiwa mzima kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela kwenye kinyesi na ngozi yake. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kasa na kobe wadogo wasiofika inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Na kama gamba limeshalegea, pelekeni kobe kwa daktari wa mifugo. Wengi wao wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa hiyo piga simu kwanza uulize kama amewahi kutibu mnyama wa aina hii. Sindano ya vitamini au dawa ya maji ya kukisia, iliyonunuliwa kwenye duka la dawa za mifugo, inaweza kumwua mnyama mwenye uzito wa yai.

Tumekwisha sema ya boma. Sasa lile ambalo kila mwenye kobe Mtwapa analijua na hataki kulisikia: huyu ni mnyamapori. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haibagui kati ya aliyemnunua, aliyemwokota na aliyezawadiwa na shemeji. Kumweka nyumbani kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Wanaosema "ni kobe tu, nani atanifuata" wakumbuke Mei 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilipowatoza vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa ajili ya sisimizi. Sisimizi wapatao 5,000 waliokutwa nao Naivasha, wamewekwa ndani ya vichupa vyenye pamba. Wenyewe walisema hawakujua. Kama sisimizi wana sheria ya kuwalinda, kobe anayo pia.

Basi pigeni simu. KWS wapo Mombasa na wapo Malindi; Mtwapa iko katikati. Mwenye kobe anayejitokeza mwenyewe akasema "ninaye, nilimpata hivi, anaumwa" yuko mahali tofauti kabisa na yule anayefumaniwa naye kwenye beseni. Msimbebe usiku kwenda kumwaga kwenye kichaka chochote kwa hofu. Kobe aliyekaa mwaka mzima na watu, kuku na ugali anaweza kupeleka magonjwa porini, na huko asikokujua anaweza asipate maji wala maficho. Wenye ujuzi waamue kama anarudi msituni au la.

Na wale waliobaki nje waachwe nje. Mtwapa inajengwa kwa kasi, kila mwezi kichaka kimoja kinageuka ploti, na mafundi watazidi kukutana na kobe. Ukikuta kobe kwenye kiwanja kinachofyekwa, mtoe hatarini, umpeleke kwenye kichaka cha karibu kilichobaki. Ukimkuta barabarani, mvushe upande aliokuwa akielekea, ukiangalia magari kwanza. Msimpe mtoto, wala msimnunue, hata kwa nia ya kumwokoa, kwa kijana aliyemshika kando ya barabara. Pesa hiyo ndiyo inayomrudisha kesho msituni kutafuta mwingine. Tazameni yaliyotokea kisiwani Changuu, Zanzibar. Mwaka 1919 walipelekwa kobe wakubwa wanne kutoka Shelisheli. Walizaana hadi wakafika kama 200 mwaka 1955, kisha wizi wa kuwauza na kuwala ukawaandama mpaka mwaka 1996 wakabaki saba. Kisiwa kidogo kilichozungukwa na maji, na bado waliibwa. Msitu wetu hauna hata ukuta huo wa maji.

Kuna swali ambalo mwenye kobe mpya hajiulizi: atakuwa naye mpaka lini? Kobe huyu wa kiganja atapita sentimita 30, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Binti yule wa darasa la nne atamaliza shule, ataolewa, atapata wajukuu, na kobe bado atataka ukoka wake asubuhi. Familia inayohama nyumba kila kodi inapopanda haiwezi kuahidi hivyo, na hakuna aibu kukubali.

Kama kuna aliyeletewa iguana, mengi ya hapo juu yanamhusu: jua la moja kwa moja, majani, mikono safi, kibali. Tofauti ni kwamba iguana hupanda, basi anataka kizimba kirefu chenye matawi na paa la waya, na akikua anaweza kupita mita moja na nusu toka pua hadi ncha ya mkia. Msimlishe mayai na nyama eti kwa kuwa ni mjusi; naye ni mla majani. Kubwa kuliko yote, asiachiliwe kamwe. Kwao ni Amerika ya Kati na Kusini. Florida, walikoachiliwa na wafugaji waliochoka, wamezaana hadi wanabomoa kingo za mifereji kwa mashimo yao, na mwaka 2021 jimbo hilo likapiga marufuku kuwafuga. Joto letu lingewafaa vilevile, na tunao kunguru wa kutukumbusha inavyokuwa mgeni akishazoea.

Wenye kusema hawajui kobe anaishije, wengi wao wamemwona. Kila mtoto wa hapa amesikia habari ya Owen, ndama wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akapelekwa Haller Park pale Bamburi na kumng'ang'ania kobe mkubwa aliyeitwa Mzee. Watu wamepanda matatu kwenda kuwatazama, wamepiga picha, wamerudi. Walichokiona ni kobe juani, kwenye udongo, chini ya miti, karibu na dimbwi, majani yakiwa mdomoni. Halafu wamefika nyumbani wakamtia wa kwao chini ya ngazi.

Tulipopita tena ile ploti ya Majengo, mawe kumi na manane yalikuwa yamepangwa nyuma ya choo, ambapo jua hufika kuanzia saa mbili. Kobe alikuwa ameingia nusu mwili chini ya kigae, miguu ya nyuma ikiwa juani. Bado ni dhaifu. Beseni lilikuwa chini ya kamba ya nguo, limejaa sare za shule. Baba alikuwa amekwisha piga simu KWS na anasubiri waje. Binti hataki kusikia habari ya kobe kuondoka, na alikuwa amesimama pale na kishada cha mtsunga mkononi, akimpa jani mojamoja, akihesabu ameuma mara ngapi.